Kupiga picha mtaani Moshi na Arusha: mipangilio ya kamera na jinsi ya kuongea na watu

mgeni_wa_lenzi (Moshi)

Wakuu, habari za kazi. Naanza kupiga picha za mtaani: siku za kawaida Moshi mjini, wikiendi Arusha. Kamera ni ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ya fremu kamili), lenzi ni ile ya zumu ya mm 18-55 iliyokuja nayo. Nakwama sehemu tatu. Nyuso zinatoka nyeusi tii ilhali ukuta na anga vimetoka vizuri. Fokasi inachelewa, mtu ameshapita ndipo kamera inashika. Na kubwa kuliko yote, pale soko la Mbuyuni nikiinua kamera tu nasikia "unanipiga picha ya nini wewe?" na jibu sina. Kuna wanaonishauri nitafute lenzi ndefu ya mm 200 nipigie kwa mbali. Mnasemaje?

Kijenge_35

Lenzi ya 200 waachie wanaokwenda Tarangire. Mtu akikuona umesimama ng'ambo ya barabara unamlenga na bomba refu, anawaza mambo mawili: wewe ni mwandishi, au umetumwa kuhesabu vibanda. Tangu wamachinga wahamishwe maeneo ya barabarani mwaka 2021, hilo la pili linawagusa watu kweli, usilichukulie poa. Ukiwa hatua tatu mbele yake, kamera iko kifuani na uso wako unaonekana, anaweza kukuuliza ukamjibu. Ukiwa mbali atapiga kelele, na soko zima litageuka.

Sasa fokasi. Weka lenzi kwenye 23 mm, apacha (tundu la kupitisha mwanga) f/8, shata (muda tundu linapobaki wazi) sekunde 1/250 kwa watembea kwa miguu na 1/500 kwa bodaboda, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) ijipange yenyewe mwisho 3200. Lenga kitu kilicho mita 3 (hatua nne za kawaida), fokasi ikishika hamia fokasi ya mkono. Kwa sensa yako, kila kitu kuanzia kama mita 1.6 mpaka karibu mita 30 kitakuwa kikali vya kutosha. Huna haja ya kusubiri kamera itafute.

Kinachoharibu mpango huu ni vitu viwili. Lenzi nyingi za aina hiyo zinasahau fokasi ukizima kamera au ukigusa zumu, kwa hiyo bandika kipande cha selotepu kwenye pete ya zumu na uirudie fokasi kila ukiwasha. Pili, kivulini mwanga ukipungua unashawishika kufungua apacha zaidi, f/4. Ukifanya hivyo ule ukanda mkali unabaki takriban mita 2 hadi 5.5. Afadhali upandishe ISO, chengachenga kidogo si kesi.

Nyuso nyeusi: kamera haijui ngozi ya mtu, inapima fremu nzima na kuivuta iwe ya kijivu cha kati. Nyuma kukiwa na anga au ukuta mweupe, inapunguza mwanga wote na uso unazama. Kwenye kitufe cha fidia ya mwanga (+/-) ongeza +0.7 mpaka +1.3. Mtu mweusi akijaza fremu kwa karibu ni kinyume chake: kamera inaongeza mwanga kupita kiasi, ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Hapo punguza -0.3 hadi -0.7. Dawa nzuri kuliko zote haimo kwenye kamera: sogea hatua mbili pembeni ili nyuma yake uwe mlango wa duka wenye giza, siyo anga.

mama_wa_kivuli

Naongezea hapo kwenye mwanga kabla sijafika kwa watu. Huku kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi na linapanda wima, kwa hiyo mwanga laini umekwisha kabla ya saa mbili na nusu. Jioni unaupata tena kuanzia kama saa kumi na moja na robo. Mchana wa saa saba usikae barabarani, ingia barazani. Moshi ina utajiri wa mafundi cherehani wa barazani: paa linamkinga fundi na jua la utosini, barabara inarudisha mwanga kutoka chini, unaingia mpaka chini ya kofia. Simama upande wa barabara, pima mwanga wa uso wake, usiguse mipangilio tena mpaka umalize baraza lote.

Sokoni kuna mtego mwingine, turubai la bluu. Mama amekaa chini yake na nyanya zake, wewe unaona rangi tamu, picha inatoka paji la uso bluu na nyanya zambarau. Ukirekebisha rangi ili uso uwe sawa, barabara yenye jua nyuma inageuka chungwa, kwa sababu hiyo ni mianga miwili tofauti ndani ya fremu moja. Msubiri ainame mbele kumpimia mteja: uso ukivuka ukingo wa turubai unapata mwanga mweupe. Ikishindikana, picha hiyo ifanye ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe.

Kuhusu watu. Mbuyuni, Kilombero au Soko Kuu la Arusha, anza ofisi ya soko au kwa mwenyekiti. Sema jina lako, unapiga nini, kwa ajili ya nini, utakaa muda gani. Dakika tano tu. Ukibanwa baadaye una jina la kutaja. Stendi ni vivyo hivyo, nenda kwa msimamizi.

Kwa muuzaji, salamu kwanza, kamera ikining'inia. Mzee au mama mtu mzima ni "shikamoo", subiri "marahaba" ndipo useme neno la pili. Anayekuzidi kidogo, "habari za biashara, dada". Kisha taja kitendo, usiseme "naomba nikupige picha" peke yake maana ataacha kazi, atasimama wima kama yuko studio ya paspoti. Sema: "Mama, naomba nikupige ukiendelea kupanga hizo ndizi." Hapo mikono inabaki kazini. Akisimama wima hata hivyo, mpige hiyo picha yake kwa heshima, umwonyeshe, halafu ubaki. Akirudi kwenye ndizi ndipo utapata uliyoitaka.

Akikataa: "Sawa mama, samahani, biashara njema." Shusha kamera kabisa, usiizungushe kumpiga jirani yake sekunde hiyo hiyo.

bara_bara_Ngarenaro

Mama, mimi nakubaliana na wewe kwa picha ya mtu mmoja anayekaa mahali pamoja. Kwa mtaa unaotembea, ukiomba ruhusa kwanza picha imekufa. Pale Mnara wa Saa Arusha utaombaje watu kumi na tano wanaovuka? Tafuta jukwaa: kivuli kinachokata ukuta, kona yenye mwanga. Simama hapohapo nusu saa, kamera ionekane. Baada ya dakika kumi umekuwa sehemu ya mtaa, na asiyetaka ana nafasi ya kupita pembeni. Macho yakigongana baada ya kupiga, tabasamu, inua mkono, msogelee umwonyeshe. Kosa kubwa ni kupiga kisha kugeuza kichwa kana kwamba unaangalia mlima. Hilo ndilo linalozua "we, simama!"

Akisema "futa", futa mbele yake akiona. Kama umepigia simu, ingia na kwenye folda ya zilizofutwa, maana picha inakaa humo siku 30 au zaidi na watu siku hizi wanajua. Kama kamera inaandika kadi mbili, hakikisha imetoka kote.

Shata ya kimyakimya (ya kielektroniki) usiiamini sana: bodaboda inayopita inatoka imepinda, na chini ya taa za LED unapata mistari. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hupepesa kwa kufuata mwendo huo, kwa hiyo usiku dukani tumia 1/50 au 1/100.

Usivyopiga kabisa: kambi za jeshi, vituo vya polisi (Moshi kuna Shule ya Polisi, pita kamera ikiwa begani), askari akiwa kazini. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ina maeneo yaliyolindwa, na hapo tabasamu halisaidii.

Kijenge_35

@bara_bara sawa, lakini watoto watoe kwenye hilo jukwaa. Mtoto aombewe kwa mzazi au mlezi, na nembo ya shule kwenye sweta isisomeke. Na picha ikitoka mtaani ikaingia kwenye tangazo au bango la biashara, hiyo ni habari nyingine: chukua ridhaa ya maandishi, jina, sahihi, tarehe, matumizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

mgeni_wa_lenzi

Asanteni sana. La mwisho: akitaka hela? Na "unaipeleka wapi hiyo picha" inajibiwaje?

mama_wa_kivuli

Hela ya mkononi kwa picha inaharibu kona nzima, kesho kila mtu ana bei. Nunua fungu la nyanya, lipa bei yake bila kuomba punguzo, picha ije baadaye. Wanaovaa rasmi kwa ajili ya watalii ni tofauti, hiyo ndiyo kazi yao: patana bei kabla hujainua kamera, au pita.

"Unaipeleka wapi" ijibu kwa ukweli na kwa ufupi: "Najifunza kupiga picha, naiweka kwenye ukurasa wangu, huu hapa." Ukurasa uwe tayari kwenye simu, wenye picha za mtaani huohuo. Kisha mwombe namba umtumie. Kwa WhatsApp itume kama faili la nyaraka, ukiituma kama picha inabanwa na uso unavurugika. Kwa wazee wasio na simu janja, safisha 4R (picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6) studio umpelekee wiki hiyohiyo, nyuma uandike tarehe.

bara_bara_Ngarenaro

Hiyo 4R iweke kwenye bahasha. Mikono ya sokoni ina maji ya samaki.