Kuwaona sokwemtu mkoani Kigoma: Gombe au Mahale?

Baba Rehema

Salamu kwenu nyote. Familia yetu inakusudia kwenda mkoani Kigoma mwakani kuwaona sokwemtu katika mazingira yao ya asili, na ningependa kupata ushauri wa watu waliokwisha kufika huko kabla hatujalipia chochote. Tutakuwa watu saba, sote raia wa Tanzania, akiwamo mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 66, ambaye bado anatembea vizuri ingawa milima humchosha, na binti yetu wa mwisho ambaye atakuwa ametimiza miaka 13. Mwanzoni tulipendelea Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kwa sababu iko karibu na mji wa Kigoma na jina lake limezoeleka tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu, alipoanza utafiti wake hapo mwaka 1960, lakini jirani yetu anasisitiza kwamba Hifadhi ya Taifa ya Mahale, iliyo kusini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika, ni bora zaidi. Je, tuchague ipi, twende miezi gani, na siku moja ya kuingia msituni inatosha?

Msafiri wa Tanganyika

Ndugu Baba Rehema, swali lako la kwanza limekwisha kujibiwa na umri wa binti yako. Gombe haimruhusu aliye chini ya miaka 15 kwenda kuwafuatilia sokwemtu, ilhali Mahale mpaka ni miaka 12. Mkishikilia Gombe, itabidi mmoja wenu abaki naye ufukweni, na sioni faida ya safari ya familia inayomwacha mtoto akitazama mitumbwi.

Liko pia suala la idadi. Kundi moja la wageni halizidi watu sita, na haliruhusiwi kukaa na sokwemtu zaidi ya saa moja, kwa hiyo ninyi saba mtagawanywa. Msilione hilo kuwa hasara. Mwekeni mama pamoja na wawili wenye subira katika kundi lake, na wenye miguu myepesi waende peke yao. Waelezeni waongozaji jambo hilo jioni ya kuamkia matembezi, si asubuhi mkiwa mmekwisha kufunga kamba za viatu, maana wao ndio wanaopanga kundi lipi lielekee wapi.

Kuhusu miezi, kwa Mahale ningechagua Agosti hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, ambapo sokwemtu hushuka mara nyingi kwenye miteremko ya chini karibu na ziwa na njia zinakuwa kavu. Gombe ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko hawatangitangi mbali sana wakati wa mvua, na huenda wakapatikana kwa urahisi zaidi hata kama njia zinateleza.

Mzee wa Nyayo

Nimefanya kazi ya kuongoza wageni katika misitu ya aina hiyo kwa miaka mingi, na swali la siku moja ndilo ningependa kulijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi.

Sokwemtu hawana makao ya kudumu. Kila jioni kila mkubwa hujenga kiota kipya juu ya mti, na kesho yake huondoka akifuata matunda yaliyoiva, hasa ya mikuyu. Wafuatiliaji hutangulia alfajiri na kuanzia pale viota vilipoonekana jana, kisha husikiliza milio, hukagua nyayo, kinyesi na mabaki ya matunda, na wakiwapata huwajulisha waongozaji kwa redio. Viota visipojulikana jana yake, kazi huanza upya, na hapo ndipo mwendo wa dakika arobaini unapogeuka kuwa wa nusu siku. Zaidi ya hayo, jamii yao hugawanyika na kuungana tena mchana kutwa. Kundi la M la Mahale, linalofuatiliwa na watafiti wa Kijapani tangu miaka ya 1960, lina sokwemtu wapatao sitini, lakini unaweza kumkuta mama mmoja na watoto wake tu, ukakaa nao saa nzima bila kuwasikia wengine.

Kwa hiyo lipieni angalau siku mbili za kuingia msituni. Kama fedha hazitoshi, ni heri kupunguza starehe za malazi kuliko kuipunguza siku ya pili. Hata mama atanufaika: asubuhi ya kwanza anaweza kusubiri taarifa ya mahali walipo, na wakiwa mbali mlimani, akapumzika na kuitumia nafasi yake kesho yake.

Baba Rehema

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Tumekubaliana kwenda Mahale mwezi wa Septemba, kwa siku mbili za msituni. Limebaki jambo linalonitia wasiwasi: mke wangu hupata mafua karibu kila tunapofanya safari ndefu. Je, barakoa haitoshi?

Dada Mhifadhi

Haitoshi, kaka. Barakoa huvaliwa na mtu asiyeumwa, kwa tahadhari. Mwenye mafua au kikohozi haingii kabisa. Sokwemtu huambukizwa maradhi yetu kwa urahisi, nao hawana kinga tuliyojijengea sisi tangu utotoni. Gombe ilikumbwa na mlipuko wa polio mwaka 1966, na Mahale mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaua baadhi ya sokwemtu wa kundi hilo hilo la M. Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani kwamba atakayeumwa atabaki kambini bila kubembelezwa, na muulize mapema iwapo kibali chake kinaweza kuhamishiwa siku nyingine.

Mengine mtaelezwa na mwongozaji: kukaa umbali wa mita kumi, kutokula mbele yao, kutotema mate, kuzima taa ya kamera. Sokwemtu akiwajia njiani, jisogezeni pembeni kwa utulivu na mumpishe, msikimbie.

Msafiri wa Tanganyika

Nimalizie na usafiri, ambao kwa raia ndio unaomeza fedha kuliko ada za hifadhi. Ndani ya Mahale hakuna barabara. Ni miguu na boti tu. Mnaweza kupanda boti kutoka Kigoma mjini, safari inayozidi kilomita mia moja kuelekea kusini, au kwenda kwa gari hadi vijiji vya mwambao vilivyo jirani na hifadhi na kumalizia kwa boti, njia ambayo kwa watu saba wanaogawana gharama naiona nafuu. Ulizeni hifadhini kuhusu boti yao kabla ya kukodi ya mtu binafsi. Ada zilipieni kwa kumbukumbu namba ya malipo mtakayopewa, mkiwa na vitambulisho vya Taifa ili mtozwe kiwango cha raia, na mchukue cheti cha kuzaliwa cha binti, kwa kuwa umri wake ndio unaomruhusu kuingia. Septemba upepo wa kusi huweza kuchafua ziwa, basi ondokeni asubuhi na mapema, fungeni mizigo ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na msikubali kuanza safari kabla kila mmoja hajavaa jaketi okozi linalomtosha, binti akiwa wa kwanza.