Rangi za maji, gwashi au kalamu tupu? Nanunua vifaa vya kuchorea safarini, naomba ushauri

MchoraNjiani
Habari zenu wakuu. Nina safari ya kuchora na nataka kununua vifaa wiki hii. Nimebakiza machaguo matatu:
- kiboksi cha rangi za maji za Cotman, vile vidonge vidogo
- tyubu za gwashi (rangi ya maji nzito, inayofunika kilicho chini) na paleti
- niache rangi kabisa, nibebe kalamu za wino na penseli

Kipi kitanifaa zaidi? Natanguliza shukrani.

KalamuNyeusi
Mkuu, unaenda wapi? Mwezi gani? Bajeti yako ni kiasi gani? Na daftari unalo au bado? Ukiuliza hivi kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Ila kwa kuwa umeuliza, jibu langu ni kalamu. Chukua Pigma Micron mbili, namba 01 na 05, na penseli ya 2B. Zote zinakaa mfuko wa shati. Mtu wa rangi bado anatafuta maji, wewe umeshamaliza ukurasa na umehamia kona nyingine.

DadaBrashi
Kalamu, kalamu, kila uzi wewe ni kalamu 😀 Mtu anakwenda kuona rangi za dunia unamwambia abebe nyeusi.

MchoraNjiani, jibu kwanza maswali ya kaka hapo juu. Ongeza na hili: unapaka ukiwa umesimama au unakaa? Kama ni kusimama, gwashi ya tyubu iondoe kwenye orodha leo hii. Mkono mmoja daftari, mwingine brashi, tyubu utaikamulia wapi?

MchoraNjiani
Samahani wakuu. Natoka Dar kwa basi hadi Kilwa Masoko, navuka Kilwa Kisiwani kuchora magofu, halafu narudi na kumalizia Unguja, Mji Mkongwe. Bajeti ni laki moja na nusu ya vifaa tu. Daftari sina. Ni mwezi wa nne.

MtotoWaMalindi
Mwezi wa nne?? Ndugu yangu, hiyo masika yenyewe. Huku Unguja mwezi huo nguo ikianikwa asubuhi mpaka jioni bado mbichi, seuze karatasi. Sogeza safari mpaka wa saba, upepo wa kusi unavuma, jua la kiasi, utachora mpaka uchoke mwenyewe.

MchoraNjiani
Likizo nimeshapewa, haisogezeki.

NaimaTanga
Basi nikueleze yaliyonikuta ili ujue unanunua nini.

Nilinunua seti ya rangi za maji nzuri kweli, jina la kampuni naliacha. Duka lilizisifu kwa kuwa zimetengenezwa kwa asali. Watengenezaji wengine huongeza asali kwenye gundi ya mgunga makusudi, ili rangi isikauke ikapasuka na iamke haraka ikiguswa na maji. Nchi kavu hilo ni jambo jema sana. Lakini asali inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga mnaijua. Nilikamulia rangi kwenye paleti, nikaiacha usiku kucha ikauke. Asubuhi laini vilevile. Siku iliyofuata laini. Nikafunga kiboksi nikatia kwenye begi, nikapanda basi kwenda Pangani, begi likalala ubavu njia nzima.

Kufika, nyekundu ilikuwa imehama kwenye nafasi yake, imeingia kwenye njano, imepita kwenye ukingo wa kiboksi na kushuka kwenye daftari. Kurasa zote za mbele zikagandamana. Hizo zilikuwa na michoro ya mama yangu mkubwa akiwa jikoni, niliichora akiwa hai. Nilijaribu kuzibandua kwa mvuke wa sufuria, zikatoka na uso wa karatasi. Jioni sisimizi wakajipanga kwenye begi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, soma kimeandikwa nini kwenye boksi. Ukiona asali, waachie watu wa bara.

UdongoMwekundu
Dada Naima, pole sana kwa michoro ya mama mkubwa. Ila mimi niko Dodoma, natumia hizo hizo za asali na sibadilishi. Huku vidonge vya kawaida vinapasuka vipande vipande, unafungua kiboksi unakuta kidonge kimetoka kwenye kikombe chake. Za asali zinatulia. Kosa si la rangi, ni la hewa.

NaimaTanga
Ndiyo maana nimesema waachie watu wa bara, kaka. Anayeuliza anakwenda Kilwa.

FundiKaratasi
Mnabishana rangi wakati mtu kasema daftari hana. Karatasi ndiyo ya kwanza. Laki yako na nusu, weka zaidi ya nusu kwenye karatasi.

Karatasi za kuchorea za stationery nyingi za mjini ni za gramu 120 au 150 kwa mita ya mraba, zimetengenezwa kwa massa ya mti. Ukitia maji inajikunja, rangi inakwama kwenye mabonde. Tafuta gramu 300. Ukipata ya pamba asilimia 100, kama Arches ya Ufaransa, maji yanakaa juu muda mrefu bila kuacha kingo kali, na unaweza kurudia kupaka bila uso kuchubuka.

Najua ni ghali. Usinunue daftari lililofungwa tayari. Nunua shiti moja kubwa, ile ya sentimita 56 kwa 76. Kunja mara mbili kila upande, kata kwa kisu butu, unapata vipande 16 vya sentimita 14 kwa 19. Weka juu ya kipande cha hardboard, bana kwa vibanio viwili. Kipande kikilowa unakitoa kikauke peke yake, hakiharibu jirani. Msiba kama wa dada Naima hautakufika.

KalamuNyeusi
Hapo kwa vipande nakuunga mkono. Sasa wino. Mkuu, kama utachora kwa wino kisha upake rangi juu, usiamini neno la muuzaji kwamba haufutiki. Wino mwingi wa kalamu za kujaza ni wa rangi inayoyeyuka, ukipitisha brashi mstari wote unakuwa wingu. Wino wa chembe, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, kama Platinum Carbon au huo wa Micron, ukikauka hauondoki. Na msijaze India ink ya chupa kwenye kalamu ya kujaza, ile ina shelaki (utomvu kama vanishi) ndani, ikikauka kwenye njia ya wino kalamu imekufa.

Jaribu hivi: chora mistari mitano kwenye karatasi ileile utakayosafiri nayo. Mmoja upake maji baada ya nusu dakika, wa pili baada ya dakika moja, mbili, tano, kumi. Fanya jaribio hilo bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto, mlango umefungwa. Hiyo ndiyo hewa ya mwezi wa nne. Utaona wino uliokauka haraka sebuleni unavyochelewa mle ndani.

DadaBrashi
Jaribio la bafuni nalipenda, na rangi zijaribiwe humo humo. Paka kipande cha bluu ya ultramarini, kikiwa bado kibichi kidogo pitisha kahawia ya siena pembeni. Hizo mbili zikichanganyika zinatoa kijivu chote utakachohitaji kwa mawe ya matumbawe ya Kilwa, cha joto na cha baridi. Usibebe nyeusi. Msikiti Mkuu ukiupaka nyeusi kwenye kivuli unakufa, ukuta wake una njano, kijani cha kuvu na zambarau kwa wakati mmoja.

Cotman inatosha. Ni rangi za wanafunzi za Winsor & Newton, ndiyo, lakini kwa safari hazina neno. Tena uchukue vidonge, vinakauka haraka. Usiku usilale umefunga kiboksi kikiwa na maji, kitaota ukungu.

MtotoWaMalindi
Na brashi yenye tanki la maji? Mie naona hiyo ndiyo mwisho wa matatizo. Unaijaza chumbani, unatembea Shangani mpaka Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, huna haja ya kikombe.

DadaBrashi
Sitaki hata kuisikia. Inatoa maji wakati huyataki, na kwenye unyevu tatizo letu ni maji yamezidi. Brashi ya kawaida namba 8 yenye ncha nzuri na kichupa cha dawa cha kuwekea maji.

MtotoWaMalindi
Dada, kitambaa kina kazi gani? Ukiifuta kwenye kitambaa inatulia. Mie nachora barazani watu wanapita, kikombe kitapigwa teke.

MwanaMombasa
Hamjambo. Nasoma tu lakini niulize: kwa nini mnakimbilia vya kuagiza? Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za baiskeli kwenye hardboard, na kazi zimezunguka dunia. Penye nia vifaa si kikwazo.

FundiKaratasi
Mwanamombasa, namheshimu sana marehemu Tingatinga, lakini zile ni rangi za mafuta zinazong'aa. Zinakauka taratibu, zina harufu, zinahitaji tina kusafishia. Utakaa nazo vipi kwenye mashua ya kwenda Kisiwani? Alifanya kazi sehemu moja kwa vifaa vya sehemu hiyo. Huyu anatembea.

MwanaMombasa
Sijasema abebe makopo. Nasema mkaa upo, udongo upo. Fort Jesus nimeichora kwa mkaa wa jikoni na karatasi ya khaki na ikakaa vizuri.

UdongoMwekundu
Mkaa unafutika begani mwa shati lako kabla hujafika hotelini. Lakini udongo hapo umegusa. Udongo mwekundu wa huku ukisaga, ukachuja, ukachanganya na gundi ya mgunga, unapata rangi isiyofifia juani. Nyekundu za dukani zipo zinazofifia, alizarini (kwenye tyubu huandikwa PR83) ni mojawapo. Funika nusu ya jaribio lako kwa kadi, bandika dirishani, utaona.

MchoraNjiani
Wakuu nashukuru, mmenifungua macho. Kwa hiyo karatasi ya gramu 300 nikate mwenyewe, Cotman, Micron moja. Gwashi je, hata nyeupe peke yake? Nilitaka kuweka mwanga juu ya maji ya bahari.

DadaBrashi
Tyubu moja ya nyeupe chukua. Moja tu.

KalamuNyeusi
Acha karatasi yenyewe iwe nyeupe yako. Panga mwanga kabla hujaanza.

NaimaTanga
Kibali cha kuingia magofuni chukua Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, usifike ufukweni ndipo uanze kuulizwa. Na uangalie habari za barabara, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini.

MtotoWaMalindi
Na Unguja, bandarini usitoe daftari bila kuuliza. Kuna askari hawatofautishi kuchora na kupiga picha.

KalamuNyeusi
Kuna sheria inayokataza kuchora? Picha naelewa, kuchora sijawahi kuona pameandikwa.

MtotoWaMalindi
Mie sijasema sheria, nimesema uulize. Na watu pia, hasa kina mama, waombe ruhusa kwanza. Ukiwaonesha ukurasa wengi wanakubali.

UdongoMwekundu
MchoraNjiani, bafuni umeshajaribu? Lete picha ya matokeo. Na hilo shiti la pamba umelipata wapi Dar? Huku Dodoma nimezunguka maduka yote sijaliona.