Kompyuta ya nyumbani huganda kila ninapoiwasha upya, naomba ushauri

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, nina kompyuta ya mezani inayotumia Windows 11. Hufanya kazi vizuri kutwa nzima, lakini nikiiamuru ijiwashe upya, hasa baada ya masasisho, huganda mpaka nishikilie kitufe cha kuwashia izime kabisa. Kinachonishangaza ni kwamba nikiizima kwa kawaida na kuiwasha baadaye, huwaka bila tatizo lolote. Humo mna picha za familia na kazi za masomo za watoto, na nahofia kuizima kwa nguvu kila mara kutaharibu mafaili. Nianzie wapi?

Kisiki:
Mkuu, hamisha mafaili yako kwanza, kisha piga Windows upya.

Bundi:
Kuhifadhi nakala ya mafaili ni ushauri sahihi na ufanyike leo hii, ila kupiga Windows upya sasa ni kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Ndugu mleta mada, itazame skrini kwa makini inapoganda. Ikiwa bado inaonyesha ujumbe wa Windows kwamba kompyuta inajiwasha upya, huenda kuna programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) inayokataa kufungwa. Hapo andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia, fungua kumbukumbu za mfumo, na utafute tukio namba 41, ambalo Windows huliandika inapobaini kwamba kompyuta ilizimika isivyo kawaida. Namba hiyo peke yake haitaji chanzo, na wengi hupoteza muda wao hapo. Soma mistari iliyoandikwa kabla yake.

Lakini ikiwa skrini ilizima, ikawaka tena, na nembo ya mtengenezaji imebaki bila vile vidoti vinavyozunguka chini yake, basi Windows haijaanza hata kupakiwa, na hata ukiipiga upya tatizo litabaki palepale.

Mleta mada:
Ahsante sana. Nimejaribu tena: nembo inabaki peke yake na vidoti havitokei. Nimeona pia kwamba taa ya diski ya nje, ambayo huwa imechomekwa kwenye USB muda wote, inabaki imewaka bila kupepesa.

Bundi:
Hiyo diski ndiyo ninayoishuku. Kompyuta inapojiwasha upya, kwa kawaida umeme haukatiki kwenye vifaa vyake, hivyo kifaa kilichokwama huendelea kuwa kimekwama, na BIOS, yaani programu ya ndani ya kompyuta inayotangulia Windows, inapokiuliza hali yake hubaki ikisubiri jibu. Ukiizima kabisa, vifaa vingi hukosa umeme na kuanza upya, na pengine ndiyo sababu ukiiwasha baadaye huoni tatizo. Izime, chomoa diski hiyo pamoja na kila kifaa cha USB isipokuwa kibodi na kipanya, iwashe, kisha iamuru ijiwashe upya.

Mleta mada:
Imejiwasha upya bila kuganda, na nimerudia mara kadhaa nikapata matokeo yaleyale. Nikiichomeka diski, tatizo linarudi. Je, nitalazimika kuichomoa kila mara?

Nanga:
Si lazima. Bonyeza F2 au Delete mara tu kompyuta inapowaka ili uingie kwenye BIOS, kisha uende kwenye mpangilio wa vifaa vya kuwashia na uiweke diski ya ndani yenye Windows mbele ya vifaa vyote vya USB. Ikiendelea kuganda, jaribu tundu jingine la USB na waya mwingine. Kusasisha BIOS nakushauri ukuache mpaka hayo yote yashindikane, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta inaweza isiwake tena. Kama mafaili yako yamo kwenye diski hiyohiyo inayokwama, tafuta diski nyingine ya kuwekea nakala kabla hujagusa chochote.