Nondo mweupe wa madoa mekundu kwenye nyasi za Sabaki: Utetheisa, Argina au Amerila?

BiRukia_Mambrui
Assalam aleikum nyote. Naomba macho zaidi ya yangu. Kwenye nyasi zilizo kati ya matuta ya mchanga na mashamba, upande wa kaskazini wa mdomo wa mto Sabaki, nondo wamejaa tangu mvua za vuli zikatike. Ukipita mchana, mmoja anaruka mbele ya mguu wako, anakwenda hatua chache tu, anatua na kujibana kwenye shina la nyasi mpaka unampoteza. Mabawa ya mbele ni meupe kama maziwa, yana nukta nyeusi na katikati yake madoa mekundu. Bawa la nyuma ni jeupe, na ukingo wake mweusi umepindapinda. Mabawa yakikunjuliwa upana haufiki sentimita nne.

Nimelinganisha picha nikabaki na hao watatu wa kwenye kichwa cha habari. Haraka yangu ni hii: jirani mwenye mahindi ameona viwavi palepale penye nondo, naye anaamini ni viwavijeshi. Anataka kupiga dawa eneo lote la nyasi. Nataka jibu kabla hajajaza bomba.

MfugaVipepeo_Gede
Waaleikum salaam, Bi Rukia. Argina mtoe kwanza. Huyo mwili na mabawa yake ni ya rangi ya chungwa, na nukta zake nyeusi zimezungushiwa duara jeupe. Hata akichakaa hageuki kuwa mweupe.

Amerila naye ana alama yake. Wengi wao ni wakubwa kuliko kipimo chako, na mabawa yana sehemu zinazopitisha mwanga. Ukimshika anatoa povu ubavuni mwa kifua, na ukisikiliza kwa karibu povu lenyewe linachemka kama mafuta kwenye karai. Huwa tunawapata tukining'iniza matawi makavu ya Heliotropium, ule mmea wa maua madogo meupe yaliyojipanga kwenye shina lililojikunja mithili ya mkia wa nge. Mmea ukinyauka ndipo wanapoujia, pamoja na vipepeo wa jamii ya Danaus.

Kwa maelezo yako, nyeupe, nyekundu na nyeusi kwa pamoja, na tabia ya kuruka kidogo na kujibana, huyo ni Utetheisa pulchella. Linnaeus alimpa jina mwaka 1758. Anapatikana Afrika, kusini mwa Ulaya na sehemu za Asia.

Kombo_Mpeketoni
Dada Rukia, usilichukulie jambo hili kuwa jepesi. Mimi ni mkulima na nimeshaona shamba likiisha. Kumjua nondo hakukuambii kiwavi aliyeonwa ni wa nani. Kwenye nyasi hizo hizo wanaweza kuishi aina kumi.

Viwavijeshi wa asili hapa kwetu ni Spodoptera exempta. Nondo wake ni wa kijivu na kahawia, huruka usiku, mchana humwoni. Kiwavi wake hana manyoya. Wakiwa wachache ni wa kijani, wakisongamana hugeuka weusi wenye mistari ya manjano mgongoni na ubavuni. Hula nyasi na nafaka, na hutokea kwa mkupuo mvua zikianza baada ya ukavu. Kisha kuna yule mgeni, Spodoptera frugiperda, aliyethibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia Kenya mwaka 2017. Mtazame kichwani: ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia nukta nne nyeusi zilizokaa mraba.

Kamtazame kiwavi mwenyewe. Jirani yako ana haki ya kuogopa.

UstadhWaAmu
Salamu kutoka Lamu. Nakubaliana na Kombo, na naongeza swali: viwavi hao wako juu ya mmea gani? Sisi huku bara, njia ya Hindi kwenda Mpeketoni, Utetheisa humwona pale penye mmea wa marejea (Crotalaria) kwenye mashamba yaliyoachwa, maua ya manjano na maganda yanayochakacha yakikauka. Penye nyasi tupu hayupo. Kwa hiyo ukisema "nondo wa nyasi" angalia usije ukamhusisha na mmea asioula.

BiRukia_Mambrui
Nimekwenda tena na wanafunzi wangu wa chama cha mazingira, tukapiga magoti. Viwavi wana manyoya, si mengi, lakini yanaonekana dhidi ya jua. Mwili ni wa kijivu cha kuiva, mstari mweupe umepita mgongoni, na kila pingili ina alama ya rangi ya chungwa. Kichwani hakuna Y.

Tulimkuta mmoja amejichimbia ndani ya ganda la marejea. Nusu ya mwili ilikuwa nje, na kwenye tundu ziliganda chembechembe za kinyesi. Tulipolipasua, mbegu zilikuwa zimetafunwa. Majani ya nyasi yaliyogusana na ganda hilo ni mazima, hayana hata jino moja.

MfugaVipepeo_Gede
Hapo umemaliza kazi. Manyoya, mstari mweupe, alama za chungwa, ganda la marejea: Utetheisa. Marejea ina sumu, na kiwavi huyu anaila na kuiweka mwilini, akabaki nayo hata akiwa nondo. Ndiyo maana anathubutu kuruka mchana akiwa na rangi za kelele. Jamaa yake wa Amerika, Utetheisa ornatrix, amechunguzwa sana: buibui akimnasa humkata kutoka kwenye utando na kumwachia aende zake. Dume humpa jike sehemu ya sumu wakati wa kujamiiana, na jike huipitisha kwenye mayai.

UstadhWaAmu
Tahadhari moja kwa wenzetu wanaolinganisha kwa mmea peke yake: Argina naye hula marejea. Mmea unawaondoa viwavijeshi, hauwatenganishi hao wawili. Rangi ndiyo iliyoamua.

Na kuhusu makazi, msimfanye Utetheisa kuwa shahidi kwamba nyasi za Sabaki ni salama. Huyu ni mhamaji, miaka mingine hufika hadi Uingereza. Anaweza kuishi kando ya barabara palipofyekwa na marejea ikaota. Ukitaka kujua kama nyasi zenyewe zina afya, muulize Anthus melindae, yule ndege mdogo aliyepewa jina la Malindi. Yeye anazitegemea nyasi za pwani, kwetu Kenya na Somalia basi. Dawa ikipigwa pale, wadudu wanaokufa ni chakula chake.

BiRukia_Mambrui
Hilo la ndege nitalichukua, Ustadh, na linaniuma zaidi ya la nondo. Lakini viwavi wakiwa kwenye maganda, basi kizazi kimelelewa papa hapa, hakikupita tu. Nitawaandikisha watoto mahali, mmea na mwezi, kila wakimwona.

Jirani nimempelekea ganda lenyewe na kiwavi ndani. Ameweka bomba chini. Anauliza mambo mawili: atajuaje kama viwavijeshi hawapo kwenye mahindi yake, na je, mbuzi wakila hiyo marejea?

Kombo_Mpeketoni
Mwambie aanze na mahindi, nyasi aziache. Apite mistari asubuhi, afunue moyo wa mmea. Mdogo wa frugiperda hukwangua jani likabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Mkubwa hutoboa, na kwenye moyo wa mmea utaona kinyesi kama unga wa mbao. Akikuta hayo, dawa iende ndani ya moyo wa mmea uliopatikana nao, jioni au asubuhi mapema. Asipokuta, arudi wiki ijayo.

Mbuzi wanavumilia kuliko ng'ombe na punda, lakini sumu ya marejea huharibu ini polepole, na mnyama huanguka siku nyingi baada ya kula. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha na marejea ikabaki ya kijani peke yake, awapeleke malisho mengine. Asichanganye maganda yake kwenye majani ya kukausha, kwa sababu ikikauka sumu haiondoki.