Naomba ushauri: kifungua kinywa cha Kusini mwa Marekani tukiwa na mama

Ndugu zangu, salamu kwenu. Tunaishi Atlanta, na Jumamosi ijayo tunatarajia kumpeleka mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, pamoja na watoto wetu wawili hadi Chattanooga, mwendo wa takribani saa mbili kwa gari, na kurudi jioni. Watoto wameomba tuanze siku katika mkahawa wa kifungua kinywa cha Kusini, jambo ambalo hatujawahi kulifanya.

Kinachonitatiza ni nguruwe. Sisi ni Waislamu, na katika mapishi hayo nguruwe haishii kwenye soseji tu: mchuzi mweupe unaomwagwa juu ya biskuti hupikwa kwa mafuta ya soseji hiyo, na biskuti zenyewe, ambazo ni vimkate laini vya mtindi wala si zile kavu tulizozizoea, pengine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe badala ya siagi. Ninachotamani sana mama akionje ni grits, uji mzito wa mahindi ambao naamini utamkumbusha nyumbani, hasa ukiletwa na kamba. Lakini hata kamba hao mara nyingi hukaangwa pamoja na bekoni.

Je, mliokwisha kula katika mikahawa ya aina hii mlimuuliza mhudumu maswali gani, na jikoni walikubali kuwapikia mayai kwenye kikaango kingine? Au ni busara zaidi tule nyumbani kabla ya kuondoka? Sipendi mama akae mezani akitazama wajukuu wakila.