Mtambo wa oksijeni upo, mbona bado tunangojea mitungi?

MkaziBusia
Wadau habari zenu. Dadangu amelazwa na mtoto hospitali fulani ya kaunti huku kwetu, mtoto ana nimonia. Oksijeni anapata, tunamshukuru Mungu, lakini jana usiku mtungi ulikuwa unaelekea kuisha na sista akawa anapiga simu huku na kule kutafuta mwingine, na nyuma ya wodi kuna mtambo wa oksijeni uliletwa enzi za korona, umefungwa kufuli. Ni nini hufanya kitu kama hicho kilale tu? Na sisi raia tumsukume nani?

FundiKisumu
Pole sana ndugu yangu, mtoto apone haraka. Mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Huo mtambo kazi yake ni kuchuja hewa hii hii tunayopumua, ina oksijeni kama asilimia 21, karibu yote inayobaki ni naitrojeni. Kompresa inasukuma hewa kwa matangi yenye punje za zeolaiti, zinashika naitrojeni, na inayotoka ni oksijeni ya kama asilimia 93. Sasa adui wa zeolaiti ni maji na mafuta ya kompresa. Filta zikikaa bila kubadilishwa unyevu unaingia, zeolaiti inaharibika, na hiyo huipati kwa hadwea ya mtaani. Stima nayo ikipotea potea ni shida ingine, jenereta nyingi haziwezi kubeba thieta na mtambo pamoja. Uliza fundi wa hapo usafi wa oksijeni ulikuwa unasoma ngapi. Kama ulishuka chini ya 90 basi kuuzima ilikuwa sawa, shida ni kuuacha hivyo.

SistaKakamega
Fundi amesema ukweli, wacha niongeze ya wodini. Ule mtungi mkubwa mrefu una kama lita 6,800, mgonjwa mmoja wa lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na kitu hivi, kwa hivyo hesabu wodi ikijaa. Konsentreta, zile mashine ndogo za stima zinazochuja oksijeni kando ya kitanda, zinatusaidia sana na watoto lakini stima ikienda inazima hapo hapo, mtungi wa akiba lazima uwe kando ya kitanda, geji imeshafungwa na spana inaning'inia hapo, saa nane usiku si wakati wa kutafuta spana jameni! Na kile kipimo cha kidole, kinachosoma oksijeni kwa damu, kiwe kila wodi, bila hicho unaeza kuwa unampa oksijeni mwenye hahitaji tena na mwenye anasoma asilimia 85 tu bado anangoja.

JiraniWaZiwa
Wa kusukuma ni kaunti, hospitali hizi ziko chini yao tangu 2013. Mashine mpya hununuliwa haraka manake kuna kukata utepe, pesa ya matengenezo ndo hukatwa ya kwanza. Kabla bajeti ipite huwa kuna vikao vya maoni ya wananchi, nendeni wengi, muulize pesa ya filta na ya fundi iko ukurasa gani. Oksijeni iko kwa orodha ya WHO ya dawa za lazima, musiongee kama mnaomba msaada. Juni 2021 kaunti 13 za huku tuliwekewa vikwazo vya korona, kila mtu aliona maana ya oksijeni.

MkaziBusia
Asanteni sana. Nimeuliza asubuhi, ilikuwa inasoma 84 na filta hazijawahi kuagizwa. Mtoto ametolewa oksijeni leo. Mwenye anajua kikao cha bajeti cha Busia kitakuwa wapi aniwekee hapa, tuko watu kadhaa tunataka kuenda.