Mafundi wa pampu wa Mombasa, mnatuulia injini Timboroa kisha mnawasingizia madereva

Nimevumilia vya kutosha. Leo nasema, na atakayekasirika akasirike.

Nina malori ya kubeba kontena kutoka Kilindini hadi Malaba. Lori likitoka kwa fundi wa pampu, ile inayoipimia injini dizeli, huku kwetu linakwenda vizuri, dereva anasifu, mimi nalala. Likishapita Nakuru na kuanza kupanda, mambo yanageuka. Moshi mweusi tii, nguvu hakuna, mshale wa joto unapanda, na mimi napigiwa simu usiku kutoka Salgaa. Nikimrudia fundi, jibu ni moja: "Bosi, dereva wako anakanyaga sana." Nikimwambia huyu ni mtu mzima, barabara ile ameizoea tangu wewe uko shule, anageuza maneno: "Basi ni dizeli. Mafuta ya siku hizi yamechanganywa."

Dizeli gani hiyo inayokuwa safi Voi, safi Mtito Andei, safi Athi River, halafu ichafuke yenyewe ikiona mlima? Tangi ni lile lile, lilijazwa Changamwe. Ndiyo, watu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, na mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wake makusudi ili mchezo huo usilipe. Lakini hilo limekuwa pango la kujifichia. Pampu yoyote iliyoharibiwa na mkono wa fundi, ati "mafuta mabaya".

Hebu tuzungumze hewa, maana hapo ndipo mnapokimbia. Mombasa tuko usawa wa bahari, presha ya hewa ni milibari 1,013 au karibu na hapo. Nairobi, mita kama 1,700 juu, imeshuka hadi 830 na kitu. Timboroa, ambako reli ya zamani ya kwenda Uganda inavuka kilele cha mita 2,784, unakuta kama 730. Maana yake silinda ile ile ikivuta hewa kule juu inapata pungufu kwa karibu robo kuliko inavyopata Miritini. Pampu ya plunja, ile ya vijipistoni vinavyosukuma mafuta, haina habari na hayo. Yenyewe inapima mafuta kwa mzunguko wa plunja na pale reki, fito inayoongeza na kupunguza mafuta, iliposimama, basi. Ukikanyaga mpaka chini itamwaga kiasi kile kile, uwe Likoni uwe Mau Summit.

Kilo moja ya dizeli inataka takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Ndani ya silinda mafuta na hewa havichanganyiki vizuri namna hiyo, kwa hivyo lazima hewa izidi. Ukishuka chini ya kilo 18 hivi, moshi unaanza kuonekana. Sasa fundi akikuwekea kilo 20 hapa pwani, utaona injini inavuta vizuri na ekzosi safi. Injini isiyo na turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, ikifika Timboroa na mpango huo huo imebaki na 15. Hapo huchomi mafuta tena, unatengeneza masizi. Na wengi wenu hata hiyo 20 hamwachi, mnaongeza, kwa sababu mteja anapenda gari "lenye moto".

Turbo inasaidia, sikatai. Kule juu inazunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu ya hewa iliyopungua. Lakini hairudishi yote, na kasi hiyo ina gharama yake. Ukiipa mafuta ya ziada yasiyo na hewa ya kuyachoma, ekzosi inazidi joto, turbo inasukumwa kupita kasi iliyotengenezewa, na mwisho shafti inaanza kucheza na oili inapita. Halafu tunauziwa turbo nyingine, tunaambiwa ile ya kwanza ilikuwa feki.

Waliobuni pampu hizi waliliwaza jambo hili zamani. Kwenye pampu za Bosch na nyingine za aina hiyo kuna kidude kinachokaa kwenye gavana, sehemu ya pampu inayodhibiti raundi za injini. Kina diaframu, yaani ngozi nyembamba, ndani na bomba jembamba linalotoka kwenye manifoldi, njia ya hewa ya kuingia injini. Turbo ikiwa haijajaza hewa, kinazuia reki isifike mwisho. Hewa ikija, kinaachia mafuta zaidi. Hicho ni LDA. Kipo kingine, ADA, ambacho ndani yake mna kikopo kilichozibwa kabisa. Presha ya hewa ya nje ikipungua kikopo kinavimba, na kuvimba kwake kunapunguza mafuta. Si kila pampu inacho, na ndiyo maana pampu ya lori la kupanda milima haifai kuchukuliwa kama pampu ya jenereta ya hoteli ya Nyali. Tena LDA inalinganisha presha ya manifoldi na hewa ya nje, kwa hivyo yenyewe haijui vizuri kwamba hewa yote imepungua. Fundi anayejua kazi analijua hilo na anaacha nafasi.

Nyinyi mnafanya nini? Sili ya risasi mnaikata. Skrubu ya mafuta ya mwisho, ile inayoweka kikomo cha mafuta, mnaizungusha kwa sikio. Springi ya diaframu mnailegeza mpaka kile kidude kinabaki kimeachia wakati wote, hakizuii kitu. Pampu ya lori langu moja nilikwenda kuifunguza kwa fundi mwingine kule bara, na alichokuta ndani ya gavana kilimfanya acheke. Mimi sikucheka. Kibati cha pampu kilikuwa na namba yake, namba hiyo ina karatasi yake ya vipimo, na hakuna kipimo hata kimoja cha mafuta kilichokaribia kilichoandikwa.

Halafu mnajaribu gari wapi? Kichwa kitupu, bila trela, mpaka Mazeras na kurudi. Ukijitahidi sana unafika Mariakani, ambako hujapanda hata mita 300. "Umeona linavyovuta, bosi?" Nimeona. Kichwa kitupu pwani hata mimi naweza kukivutisha.

Kinachoniuma zaidi ni madereva. Lori likimwaga mafuta yasiyoungua, matumizi yanapanda, na mwenye lori aliyekaa ofisini Mombasa anafanya hesabu ya lita kwa kilomita anaona upungufu. Anawaza nini? Kijana amenyonya mafuta, ameyauza njiani. Nawajua madereva waliokatwa mshahara kwa lita zilizotoka angani kama moshi mbele ya macho ya kila mtu aliyekuwa nyuma yao kwenye ule mlima. Yupo aliyefukuzwa kabisa, na aliyechukua lori baada yake "akanyonya" vile vile, tena barabara ile ile, hadi bosi akachoka kufukuza. Hakuna aliyemwita fundi wa pampu amuulize lita zimekwenda wapi. Wizi wa mafuta upo, sisemi haupo. Lakini mwizi hatoi moshi mweusi Timboroa.

Na wenye malori wenzangu mnaomsifu fundi kwa sababu gari limetoka na kelele na nguvu, nyinyi ndio mnaowafuga hawa.

Uharibifu hauishii kwenye moshi. Ncha za nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda zinashika kaboni, mpulizo unaharibika, nozeli inaanza kudondosha badala ya kupuliza. Mafuta yanayodondoka yanaosha oili kwenye kuta za silinda na mengine yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili inakuwa nyepesi. Kichwa cha pistoni kinaungua. Na huko juu maji yanachemka mapema, kama nyuzi 91 kwa maji yasiyofungwa, kwa hivyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, ambacho pwani hukijui kama kimechoka, kinakuumbua hapo hapo. Fundi wa pampu atakwambia hiyo ni kazi ya fundi wa rejeta. Sawa, lakini joto lile la ziada nani kalileta?

Sasa upande wa kuvuta mafuta, ambao hamuuangalii kabisa. Tunasema pampu ya kuvuta inavuta dizeli kutoka kwenye tangi. Ukweli ni kwamba hewa ya nje ndiyo inayoisukuma dizeli ipande kwenye paipu. Timboroa msukumo huo umepungua kwa robo, na wakati huo huo injini iko kwenye mzigo wa mwisho inataka mafuta mengi kuliko popote. Filta iliyoziba nusu, au kijichujio cha kwenye paipu ya tangi ambacho hakuna aliyewahi kukigusa, pwani kinavumilika. Kule juu hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli inatoka na kuwa mapovu, pampu inabwia povu, gari linakata nguvu. Ukirudisha pampu kwa wosha zile zile za shaba zilizokwisha bonyea, upande huo haudondoshi hata tone, maana unavuta: hewa ndiyo inayoingia ndani. Nje kukavu kabisa, unapangusa mkono unasema kazi safi. Dereva anabaki kwenye baridi ya usiku akitoa hewa kwa pampu ya mkono, trela limesimama kwenye kona, breki anaomba Mungu. Wosha mpya ni pesa gani jamani?

NYONGEZA: Naona mmoja ameandika kwamba haya ni matatizo ya malori ya kizamani, ninunue ya komoni reli, ambayo dizeli yake inaongozwa na kompyuta. Bwana, hayo yana sensa ya presha ya hewa na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe, kweli. Lakini si wako vijana hapa hapa mjini wanaokuja na laptopu wanabadilisha programu ili gari "liamke"? Wakiondoa mipaka ya moshi na joto, umerudi pale pale, isipokuwa sasa injekta moja inakula pesa ya pampu nzima ya zamani.

Mwingine anauliza kama apunguze skrubu akifika Nakuru na aikaze akirudi. Usiguse. Pampu iwekwe kwa barabara unayopita, na barabara yetu inapita juu. Kwa injini isiyo na turbo hesabu inayotumika sana ni kupoteza nguvu asilimia 1 kwa kila mita 100, na mafuta yanapunguzwa kufuatana na hiyo. Utapanda polepole, gia moja chini. Malaba utafika.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Pampu ipande kwenye mashine ya kupimia pampu, joto la mafuta ya kupimia liwe nyuzi 40 kama inavyotakiwa, mirija ya kioo inayokusanya mafuta hayo isomwe silinda moja moja. Niandikiwe kwenye karatasi ilikuwa inamwaga kiasi gani kabla na inamwaga kiasi gani baada, kwa raundi gani, na karatasi ya namba ya pampu inataka kiasi gani. Diaframu ijaribiwe kwa presha mbele yangu. Sili mpya ifungwe. Risiti isiyo na vipimo hivyo silipi tena, hata unishikie pampu mwezi mzima.

Kama yuko fundi Mombasa hii, kisiwani, Changamwe, Jomvu au popote, anayefanya kazi namna hiyo, aseme hapa chini na aweke picha ya karatasi moja ya mashine aliyompa mteja, namba ya gari aifiche. Nina pampu mbili zinangoja. Wale wa "dereva anakanyaga" msijisumbue kujibu.